Nauli ya kwenda haitoshi: jinsi ya kupanga matibabu ya mtoto mwenye saratani ukiwa Ipuli

Mzazi wa Ipuli anapotoka Hospitali ya Rufaa ya Kitete na barua ya kumpeleka mtoto hospitali ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, ukoo wote huanza kutafuta nauli. Simu zinapigwa, kikundi kinakopesha, kuku na mbuzi wanauzwa, na ndani ya siku chache mama na mtoto wako njiani. Katika hilo familia zetu hazina wa kuzifundisha. Ninachokiandika hapa, kwa kuyapitia na kuyaona, ni kwamba matibabu mengi ya watoto hukwama baadaye, mwezi wa tatu au wa sita, mtoto anapotakiwa kurudi tena na mfuko ni mtupu, shamba limejaa magugu na wenzake waliobaki nyumbani hawana wa kuwaangalia. Kwa hiyo tangu siku ile ya barua, panga namna ya kumaliza matibabu, maana kuyaanza peke yake hakuokoi mtoto.

Sababu iko katika ugonjwa wenyewe. Uvimbe ukinywea au damu ikisafika, seli za saratani zisizoonekana kwa macho wala kuguswa kwa mkono huwa bado zipo. Dozi zinazofuata ndizo za kuzimaliza hizo. Ukiacha katikati, zinazobaki mara nyingi ndizo sugu, na ugonjwa ukirudi ni mgumu kuutibu kuliko mwanzo. Saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi hutibiwa kwa zaidi ya miaka 2, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto anacheza na kula kama wenzake. Limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya au tumbo, huweza kunywea ndani ya siku chache tu baada ya dawa kuanza. Hapo ndipo babu au jirani husema mtoto amepona, turudi nyumbani tukapalilie. Ukisikia maneno hayo, muulize daktari mbele ya ndugu hao: zimebaki dozi ngapi, na ya mwisho ni mwezi gani? Andika jibu kwenye daftari, kisha lisomeni pamoja.

Wapo wanaosema saratani haiponi, tunajichosha bure. Historia ya eneo letu hili inawakatalia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliueleza ugonjwa huo wa taya mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 wakipita hospitali moja baada ya nyingine, Afrika Mashariki hadi kusini, kuchunguza unapatikana wapi. Ukawa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuonekana zikipona kwa dawa peke yake, na wagonjwa hao walikuwa watoto wa huku kwetu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Miongoni mwa sababu linazozitaja, pamoja na kuchelewa kugunduliwa, ni kuacha matibabu kabla hayajaisha. Sababu hiyo ya mwisho inatuhusu sisi moja kwa moja, tena tunaweza kuipunguza.

Tuje kwenye pesa. Wengi hukimbia wakidhani watadaiwa bei ya dawa. Sera yetu ya msamaha wa gharama inawagusa watoto wa chini ya miaka 5 na wagonjwa wa saratani, na pale Muhimbili shirika la Tumaini La Maisha huwasaidia watoto hawa kutibiwa bila malipo na kuzipa malazi familia zinazotoka mbali. Chukua barua ya serikali ya mtaa kabla hujaondoka, na ukifika tu, muone ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Usingoje hadi uishiwe. Kinachobaki mikononi mwako ni nauli za kurudi tena na tena, chakula, na kipato kinachopotea. Mkulima wa tumbaku hulipwa baada ya masoko, lakini ratiba ya dawa haijui masoko. Ndiyo maana nawashauri ndugu wasitoe michango yote kwa mkupuo siku ya safari. Baba mdogo achukue nauli ya mzunguko wa pili, shangazi awachukue watoto waliobaki, kikundi kitoe kidogo kila mwezi. Ahadi ndogo yenye jina na mwezi wake hudumu kuliko bahasha nene ya siku moja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaosema dawa zenyewe ndizo zinazoua. Sitalibeza. Dawa hizi hushusha kinga, na mtoto anaweza kufa kwa maambukizi wakati saratani yake inarudi nyuma. Dawa ya hofu hiyo ni kujua la kufanya usiku wa homa. Weka kipimajoto nyumbani. Hospitali nyingi huhesabu nyuzi 38 kuwa dharura kwa mtoto aliye kwenye dawa za saratani. Muulize daktari wako kiwango chake kabla hamjaruhusiwa. Ikifika hapo, usimpe panadoli ukangoja kukuche, nenda Kitete usiku huohuo. Huku kwetu homa husomwa kwanza kama malaria, na kipimo kikionyesha malaria wengi huridhika. Mtoto huyu anaweza kuwa na malaria na maambukizi ya bakteria kwa pamoja. Sema wazi mapokezini kwamba yuko kwenye dawa za saratani, toa kadi yake, omba kipimo cha damu kamili, na mpigie simu daktari wake wa Mwanza au Dar es Salaam mkiwa palepale. Kadi hiyo ikae kwenye mfuko wa nailoni, mahali ambapo hata bibi anaweza kuichukua gizani. Mwenye tetekuwanga au surua asimkaribie, lakini majirani waambiwe kuwa saratani haiambukizwi, watoto wao wasimkimbie.

Kuhusu mganga, sina haja ya kugombana na mtu. Maombi na mila za faraja haziharibu dozi. Mitishamba ya kunywa na chale ni suala jingine: mitishamba inaweza kulielemea ini ambalo tayari linabeba dawa kali, na chale hufungua mlango kwa vijidudu na kuvuja damu. Kama mtoto ameshapewa kitu, mwambie daktari. Kuficha ndiko kunakoleta madhara.

Na ikiwa madaktari wamesema ugonjwa hauwezi tena kuponywa? Hapo kurudi nyumbani kwa makubaliano nao si kuacha matibabu. Ombeni dawa za maumivu, zikiwamo za jamii ya mofini, na maelekezo ya kuzitumia, kwa sababu mtoto hapaswi kuumia kwa kuwa tu hatapona. Kwa wanaoendelea na matibabu, mtoto mwenyewe aelezwe kwa maneno ya umri wake anaumwa nini na sindano ni za nini. Anayedanganywa kila mara kwamba hii ni safari ya mwisho ya hospitali huacha kuwaamini wazazi wakati wanapomhitaji ashirikiane.

Kama barua ya rufaa iko mkononi mwako leo, kaeni kikao jioni hii kabla hamjakata tiketi, na msiinuke mpaka kila safari ya miezi 3 ya kwanza iwe na mtu aliyekubali kuibeba.