Kondoo Dolly Mbele ya Sheria

Tarehe 5 Julai, 1996, katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, Uskoti, alizaliwa mwanakondoo asiye na baba. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walikuwa wamechukua chembe hai ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, wakaiunganisha na yai la kondoo mwingine lililoondolewa kiini, kisha mimba hiyo changa ikapandikizwa katika mji wa mimba wa kondoo wa tatu. Dolly akawa nakala ya mwenye kiwele. Nakala ya namna hii huitwa kloni.

Mayai yaliyounganishwa yalikuwa 277, mimba changa zilizopandikizwa 29, na aliyezaliwa mmoja tu. Hesabu hiyo pekee yatosha kuonyesha kwa nini jambo hili lisijaribiwe kwa binadamu, na Uingereza ililipiga marufuku kwa sheria mwaka 2001.

Kuhusu mnyama, swali ni jingine: je, kloni ni uvumbuzi? Mvumbuzi hupewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine, kwa muda maalumu, wasitengeneze wala kuuza alichokivumbua. Marekani ilikwisha kuipa Roslin hataza ya mbinu yenyewe. Roslin ikataka pia hataza ya wanyama: ng'ombe, kondoo, nguruwe na mbuzi walio kloni. Dai hilo halikuwa la ajabu, kwani mwaka 1980 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kuwa bakteria aliyebadilishwa ili avunjevunje mafuta ghafi aweza kupewa hataza. Lakini bakteria huyo hakuwa na mfano wake katika maumbile, ilhali Dolly anao.

Roslin ilijitetea kwamba kloni hutofautiana na mzazi wake kwa umbo na ukubwa, na kwamba mitokondria zake hutoka katika yai. Tarehe 8 Mei, 2014 mahakama ya rufani ilijibu kuwa tofauti hizo hazikutajwa katika madai ya hataza, na kwamba zile za umbo huletwa na mazingira, si na mvumbuzi. Ustadi wa kunakili kikamilifu, ambao ndio sifa ya kazi hii, ndio ulioiangusha kesi.

Hataza ya mbinu haikuguswa. Mnyama mwenyewe akabaki mali ya mfugaji wake kama mnyama mwingine yeyote.