Kwa Nini Kiti cha Pweza Yuko Kundi Moja na Samaki?

Tuchukue wanyama watatu wa baharini: samaki, pweza na kiti cha pweza. Ukiulizwa wawili gani ni wa kundi moja, bila shaka utasema samaki na pweza. Wote wana macho, kichwa na ubongo. Kiti cha pweza hana kichwa wala ubongo. Lakini wataalamu wa elimu ya viumbe humtoa pweza, na kiti cha pweza wakamweka pamoja na samaki na binadamu. Je, wametazama nini?

Wametazama yai. Yai likisharutubishwa hugawanyika kuwa seli 2, kisha 4, kisha 8, hadi likawa kama mpira mdogo wenye uwazi ndani. Halafu upande mmoja hubonyea, mithili ya mpira uliopungua upepo unapousukuma kwa kidole. Tundu hilo ndio mwanzo wa utumbo. Kwa konokono wengi huwa mdomo. Kwa kiti cha pweza na jongoo bahari huwa njia ya haja kubwa, na mdomo hufunguka baadaye. Ndiyo maana mwaka 1908 Karl Grobben wa Austria aliliita kundi hili deuterostomia, neno la Kigiriki lenye maana ya mdomo wa pili.

Mwaka 1891 Mjerumani Hans Driesch alichukua mayai ya yule mnyama wa miiba mirefu tunayeogopa kumkanyaga baharini. Yalipofikia seli 2 aliyatikisa majini mpaka seli zikaachana. Alitazamia kupata nusu mnyama. Kila seli ikakua kuwa mtoto kamili, ila mdogo! Mapacha wanaofanana hutokea kwa njia iliyo karibu na hiyo.

Mtauliza: mbona kiti cha pweza ana pande tano na sisi tuna mbili tu? Mtazameni angali mchanga. Huelea majini akiwa na kulia na kushoto kama sisi. Pande tano huja baadaye.

Vivyo hivyo wako wanyama kama vifuko laini, wanaoganda kwenye nguzo za gati na kurusha maji ukiwabonyeza. Zamani walihesabiwa pamoja na chaza. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kovalevsky alionyesha kuwa watoto wao ni kama viluwiluwi, wenye mkia na ule ufito wa mgongoni uitwao notokodi, ambao hata mtoto wa binadamu huwa nao tumboni mwa mama.

Hata hivyo mdomo wa pili peke yake hautoshi. Wapo minyoo wa chini ya bahari ambao mdomo wao pia huja wa pili, na jeni zao zinawaweka kundi jingine. Kwa hiyo siku hizi jeni nazo hulinganishwa.

Katika mtihani, jongoo bahari asiandikwe chini ya minyoo. Jina na umbo lake vimewaponza wengi. Na maji yakipwa, mgeuze kiti cha pweza taratibu uone miguu yake midogo ya mirija, kisha mrudishe majini.