Nosi Kwenye Injini: Mambo ya Kujua Kabla ya Kubonyeza

Tangu filamu ya The Fast and the Furious ilipotoka mwaka 2001, vijana wengi wanaamini ule mtungi una petroli ya miujiza: unabonyeza, gari linaruka. Kijitabu hiki ni cha mwenye gari la mashindano, fundi wake, na yule ndugu anayekaa kiti cha nyuma akiupakata mtungi usigongegonge. Huyo wa mwisho ateremke kwanza, ndipo tuendelee.

Gesi isiyowaka

Naitrasi oksaidi, ambayo gerejini imezoeleka kuitwa nosi kwa jina la kampuni moja ya Marekani, haiwaki yenyewe. Ndiyo ile gesi ya kicheko ya madaktari wa meno, na mtaalamu Mwingereza Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772. Ikiingia kwenye silinda na kukutana na joto la nyuzi 300 hivi, huvunjika na kuachia oksijeni. Katika kila kilo 100 za gesi hii, oksijeni ni kilo 36. Katika hewa ya kawaida ni kilo 23 tu. Oksijeni hiyo ya ziada huiwezesha injini kuchoma petroli nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na nguvu unayoisikia mgongoni ni ya petroli hiyo.

Marubani wa Ujerumani waliitumia katika Vita Kuu ya Pili kwa mfumo ulioitwa GM-1, maana angani juu sana hewa ni nyepesi na injini huishiwa pumzi. Anayeendesha Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, anaijua shida hiyo kwa kiasi chake.

Njaa ya petroli

Kilo moja ya petroli huungua sawasawa na kilo 14.7 za hewa, lakini huhitaji kilo 9.5 hivi tu za nosi. Kwa hiyo kila gesi inapoongezwa, petroli lazima iongezwe papo hapo. Isipofika, moto wa ndani hupanda mno, injini hugonga, na pistoni hutoboka au ringi huvunjika kwa sekunde chache. Injini nyingi zinazodaiwa kuuawa na nosi ziliuawa na pampu ya petroli iliyochoka, au na filta ambayo hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini.

Mifumo ni ya aina mbili kubwa. Katika mfumo mkavu, gesi huingia peke yake na petroli ya ziada huletwa na nozeli za gari lenyewe, kwa hiyo hakikisha nozeli hizo zinaumudu mzigo. Mfumo wa maji hupuliza gesi na petroli kwa pamoja. Hatari yake ni petroli kutuama kwenye manifoldi injini inapozunguka polepole, kisha ikalipuka humo humo.

Anza na nguvu farasi 50. Fundi anayeifunga 100 siku ya kwanza kwenye injini yenye pistoni zake za kiwandani anajaribu bahati kwa pesa zako. Kanuni ya kuanzia ni kuchelewesha cheche kwa digrii 2 kwa kila nguvu farasi 50, na kuweka plagi baridi zaidi kadiri nguvu inavyopanda. Baada ya kila jaribio, chomoa plagi uitazame kwa miwani ya kukuzia. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kama fedha kwenye kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Simama hapo.

Nani aruhusiwe kubonyeza?

Si kidole chako. Kidole hukosea. Gesi ifunguliwe tu pale kanyagio la mafuta limefika chini kabisa, injini imepita mizunguko 3,000 kwa dakika, na presha ya petroli haijashuka. Kila sharti liwe na swichi yake. Mfumo pia ujizime kabla injini haijafika kikomo cha mizunguko: magari mengi hukata petroli pale kikomoni, na petroli ikikatwa huku gesi inaendelea kuingia, ndiyo njaa ile ile.

Usifungue gesi injini ikiwa imezimwa. Ukishuku kwamba solenoidi, yaani valvu ya umeme inayoachia gesi, inavuja, funga mtungi na usipige stata. Fundi akate petroli na cheche kwanza, kisha aizungushe injini mpaka gesi itoke yote.

Mtungi na jua la pwani

Hapa ndipo watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wanapotakiwa kusoma mara mbili. Gesi hii hukaa mtungini kama kimiminika, na kwenye nyuzi 20 presha yake ni kama bar 50. Ikipita nyuzi 36.4 haiwezi tena kubaki kimiminika, na katika mtungi uliojaa presha hupanda kwa kasi. Gari lililofungwa vioo juani hupita joto hilo kabla hujamaliza chai. Mtungi una kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi, nacho lazima kiunganishwe na bomba la kutolea gesi nje ya gari. La sivyo gesi yote humwagika mle mnamokaa.

Usiupashe mtungi kwa moto wa aina yoyote. Usipake mafuta wala grisi kwenye maungio yake. Usiujaze kupita uzito ulioandikwa, na kumbuka kwamba geji haisemi gesi imebaki kiasi gani: maadamu kuna kimiminika ndani, presha inategemea joto. Tumia mizani.

Gesi ya magari huchanganywa na salfa dioksaidi ili isivutwe, lakini wapo wanaojaribu. Kuivuta hufukuza oksijeni mwilini, na kuirudia huharibu vitamini B12 hadi miguu ikafa ganzi. Ikimwagikia ngozi huiunguza kwa baridi, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri. Vaa glavu.

Mbio zikiisha, funga valvu ya mtungi kwanza, toa gesi iliyobaki kwenye bomba, kisha ufungue mtungi kutoka kwenye vishikizo vyake na uurudishe nyumbani kivulini, ukiwa umesimama na kufungwa mkanda.