Klampu ya Ekzosi: Kagua Kiungo Kwanza, Dukani Baadaye

Msimu wa maembe ukifika, si ajabu kukutana na Probox ikitoka mashamba ya kando ya mto ikielekea Minjila au Garissa, magunia yamejaa hadi mlango wa buti haufungiki, nao umefungwa kwa kamba ukiwa nusu wazi. Abiria watatu wamebanana kiti cha nyuma, mmoja amepakata mtoto. Gari likishika kasi, hewa huzunguka nyuma yake na kuvutwa ndani kupitia buti hilo. Moshi wa ekzosi huingia pamoja nayo. Na ikiwa bomba limeachia kiungo chini ya kiti cha nyuma, moshi hauhitaji hata kufika mwisho wa bomba ndipo urudi kwa abiria.

Makala haya yanahusu kifaa kidogo ambacho wenye magari wengi hukinunua bila kukitazama mara mbili: klampu ya kuunganisha mabomba ya ekzosi. Tunamwandikia mwenye gari, dereva na kijana anayejifunza kazi gereji. Hata ukiwa abiria tu, soma sehemu inayofuata.

Hewa isiyo na harufu

Moshi wa injini una hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Harufu tunayoisikia tukikaa nyuma ya lori ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi, kwa hivyo kutosikia harufu hakumaanishi kwamba uko salama. Ikiingia mwilini, hewa hii hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Injini za petroli huitoa kwa wingi kuliko za dizeli, ingawa moshi wa dizeli nao si wa kuvuta.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi usio wa kawaida. Hapa kwetu mtu akizipata dalili hizo atafikiria malaria au jua kali la barabarani. Jambo la kuchunguza ni hili: je, watu kadhaa ndani ya gari moja wameumwa kichwa pamoja? Je, wanapata nafuu wakishuka? Ikiwa ndivyo, ushuku gari. Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, mpeleke kituo cha afya, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba alikuwa ndani ya gari lenye moshi. Maelezo hayo ni muhimu kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kipimo kizuri ilhali damu imebeba kaboni monoksaidi. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye ugonjwa wa moyo huathirika haraka zaidi.

Hatari huongezeka gari likisimama huku injini inanguruma. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalipokata barabara zetu, magari yalisimama saa nyingi yakisubiri maji yapungue. Kukaa kwenye foleni ya namna hiyo vioo vimefungwa na kipozahewa kinafanya kazi, huku kiungo cha ekzosi kinavuja chini ya sakafu iliyotoboka kwa kutu, ni kujiweka hatarini.

Kuna hasara nyingine isiyoua mtu lakini inayouma mfukoni. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Bomba likivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya mapigo ya moshi. Sensa hudhani injini imekosa mafuta, na kompyuta huongeza mafuta. Dereva hulalamikia bei ya petroli, kumbe tatizo liko kwenye kiungo.

Kinachoachisha viungo

Kabla ya kulaumu klampu, lala chini ya gari utazame zile raba zinazoning'iniza bomba na sailensa. Barabara za vumbi za kwenda Wayu na Bangale zina matuta madogo madogo yanayotikisa gari mfululizo, na raba hukatika moja baada ya nyingine. Raba ikikatika, uzito wote wa sailensa huning'inia kwenye kiungo. Klampu haikutengenezwa kubeba uzito, kazi yake ni kubana tu. Ukifunga klampu mpya huku raba zimekatika, usishangae ukirudi gereji baada ya wiki mbili. Waya wa kufungia sailensa hukupeleka nyumbani, lakini hushika bomba bila kulegea na kupeleka mtikisiko wote kwenye kiungo.

Sababu nyingine ni kutu. Injini ikichoma mafuta hutoa pia mvuke wa maji. Gari la safari fupi, la kutoka nyumbani hadi soko la Hola na kurudi, halipashi ekzosi moto wa kutosha kukausha maji hayo, na bomba huoza kutoka ndani. Ongeza tope la mafuriko lililokauka juu ya sailensa, na kwa wakaazi wa Kipini, hewa ya chumvi ya bahari. Gonga bomba taratibu kwa mpini wa bisibisi kila upande wa kiungo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Ikiwa kimeoza, hakuna klampu itakayokusaidia, na kipande hicho kikatwe.

Kiungo chako ni cha aina gani?

Klampu huchaguliwa ukiwa chini ya gari. Dukani unakwenda kununua ulichokwisha kukichagua.

Kiungo cha kawaida zaidi ni cha bomba kuingia ndani ya bomba jingine. Hapa ndipo inapotumika klampu ambayo mafundi huiita yubolti: chuma kilichopindwa kama herufi U, kipande cha chini chenye mgongo wa mviringo, na nati mbili. Ni ya bei nafuu, inapatikana kila mahali, na inashika sana. Shida yake ni kwamba hushika kwa kulibonyeza bomba. Bomba likishabonyea halitoki tena bila kukatwa, na ukikaza kupita kiasi umbo la duara linageuka kuwa yai na moshi unapata njia pembeni. Yubolti inafaa kwa kiungo ambacho hutarajii kukifungua, hasa cha nyuma karibu na sailensa.

Klampu ya mkanda ni bamba pana la chuma linalozunguka bomba lote na kukazwa kwa bolti moja au mbili. Hubana sawasawa pande zote, haiharibu bomba, na kiungo hufunguka tena. Ni ghali zaidi, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kiungo chochote kilicho chini ya abiria. Zipo za aina mbili na watu huzichanganya. Ile yenye ngazi, yaani upande mmoja mpana kuliko mwingine, ni ya bomba lililoingia ndani ya jingine: upande mpana hukaa juu ya bomba la nje, mwembamba juu ya bomba la ndani. Ile iliyonyooka ni ya mabomba mawili ya unene mmoja yaliyokutanishwa mdomo kwa mdomo. Ukiweka iliyonyooka kwenye kiungo chenye ngazi, itabana upande mmoja tu na kuvuja upande wa pili.

Jambo moja ambalo huwapotezea watu pesa: klampu ya mkanda huhitaji bomba la duara, laini na safi. Ukitoa yubolti ya zamani iliyoacha mabonde kwenye bomba na kuweka mkanda hapo hapo, moshi utapita katika mabonde hayo. Kata sehemu iliyobonyea kwanza.

Viungo vya mbele, karibu na injini, mara nyingi havina klampu kabisa. Vina flanji mbili, gasketi katikati na bolti. Kwenye magari madogo ambayo injini imelazwa kwa upana, kama Probox, utakuta kiungo chenye gasketi ya mviringo na bolti mbili zenye springi. Springi hizo zina kazi. Injini ya aina hiyo huyumba mbele na nyuma kila unapokanyaga mafuta, na kiungo sharti kiyumbe nayo. Nimeona gari ambalo springi zilitupwa na bolti za kawaida zikakazwa kwa nguvu zote. Kilichofuata ni bomba la mbele kupasuka. Gasketi ikiisha, nunua gasketi, na springi zirudi mahali pake. Vilevile kile kipande cha bomba kinachokunjika, chenye wavu wa waya, kikichanika hubadilishwa. Hakifungwi klampu juu yake.

Klampu ya V, inayoshika flanji mbili nyembamba kwa mkanda wenye mfereji ndani, utaiona kwenye magari ya dizeli yenye tabo. Inafunguka upesi na kuziba vizuri, lakini kuiweka mahali ambapo haikuwepo kunahitaji flanji zichomelewe zikiwa zimenyooka kabisa. Kwa gari la kawaida si lazima.

Kupima kwa uzi

Usikadirie unene kwa macho. Kama huna kipimo cha fundi, chukua uzi usiovutika, uzungushe mara moja kwenye bomba baada ya kulisafisha, weka alama, kisha unyooshe juu ya rula. Gawanya sentimita ulizopata kwa 8 na utapata inchi za kipenyo cha nje. Uzi wa sentimita 14 ni bomba la inchi 1¾, sentimita 16 ni inchi 2, sentimita 18 ni inchi 2¼, na sentimita 20 ni inchi 2½. Ukitaka milimita, gawanya urefu wa uzi kwa milimita kwa 3.14. Mabomba ya magari kutoka Japani mara nyingi huangukia kati ya vipimo hivyo vya inchi, kwa hivyo nenda dukani na milimita zako zimeandikwa kwenye karatasi.

Kwa yubolti, pima bomba la nje. Kwa mkanda wenye ngazi, pima yote mawili, kwa kuwa ukubwa unaotajwa dukani kwa kawaida ni wa bomba la ndani. Klampu kubwa kuliko bomba itakazwa hadi meno yake yakutane bila kubana chochote.

Klampu iliyopakwa zinki inatosha kwa gari la mjini. Kwa gari linalopita tope kila masika, au la Kipini, stenlesi hudumu zaidi. Zile klipu za mpira wa rejeta zenye skrubu ya kuzungusha si za ekzosi: bamba lake ni jembamba, na hulegea kwa joto.

Kufunga na kujaribu

Subiri bomba lipoe kabisa. Tumia jeki pamoja na vigingi imara, maana jeki peke yake isiaminiwe. Safisha kutu kwa brashi ya waya na msasa, ndani ya bomba la nje na nje ya bomba la ndani. Bomba la upande wa injini ndilo liingie ndani ya lile la nyuma, ili moshi upite kiungo bila kukutana na mdomo wazi. Liingie inchi 1½ hadi 2. Yubolti ikae juu ya sehemu ambapo mabomba yote mawili yapo, si nje yake, na nati zisielekee chini ambako jiwe au tuta litazigonga. Kaza nati hizi kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Klampu ikikaa kuelekea bomba la breki, mpira wa mafuta au nyaya, igeuze.

Kisha jaribu, nje kwenye uwazi na si ndani ya banda. Washa injini ikiwa bado baridi, mwenzako azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache tu. Sikiliza mluzi. Paka maji ya sabuni kwenye kiungo kabla hakijapata moto na utazame mapovu. Baada ya siku chache, masizi meusi yanayozunguka klampu yatakuonyesha palipobaki wazi.

Endesha gari hadi lipate moto, liache lipoe, ukaze tena, kwa sababu chuma hutanuka na kunywea na klampu mpya hulegea kidogo mara ya kwanza. Ukiwa chini hapo, toa nyasi kavu zilizokwama juu ya bomba, kwani kiungo kinachovuja hupulizia moto sehemu ambayo haikutakiwa kupata joto.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lenye hali ya kuhatarisha watu kuwa barabarani, na ukaguzi wa magari ni wa NTSA, si wa kaunti. Abiria naye ana haki ya kumwambia dereva asimamishe gari akihisi kichwa kinauma, na dereva aliyepakia maembe na watu pamoja afunge buti, hata ikibidi gunia moja libaki nyuma.