Nyumba ya Kenge

Kenge ni mjusi mrefu kuliko mijusi yote ya Afrika. Kando ya mto Lualaba, na kando ya mito mingine mingi ya Kongo, watu humwona akiota jua juu ya jiwe au juu ya gogo lililoangukia majini. Kenge mzima huwa na urefu wa meta 1 na nusu, na wengine hupita meta 2. Mkia peke yake ni mrefu kuliko mwili. Nao ni bapa ubavuni: majini ni kafi, nchi kavu ni fimbo. Mbwa aliyepigwa nao mara moja hakaribii mara ya pili.

Ulimi wake una ncha mbili, kama ulimi wa nyoka. Huutoa na kuurudisha, na kwa ulimi huo huvuta harufu ya chakula. Lakini yeye si nyoka. Ana miguu minne yenye nguvu, na kila mguu una kucha tano ndefu za kuchimba na kupanda. Anayetaka kumfuga kenge azifikirie kwanza kucha hizo.

Katika kijiji kimoja chini ya Kasongo, mtoto wa darasa la tano aliokota kenge mdogo karibu na kichuguu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Kenge jike huchimba kichuguu wakati udongo ni laini, hutaga mayai yake ndani, pengine hata 60, kisha huenda zake. Mchwa hawapendi tundu katika nyumba yao. Huliziba upesi, na hivyo mayai hulindwa bila mlinzi, katika joto na unyevu, kwa miezi mingi. Mvua ikirudi na kulainisha udongo, watoto hujichimbia njia na kutoka. Huyu alikuwa na urefu wa sentimeta 30, mweusi, mwenye madoa ya manjano. Mtoto akamtia katika kikapu, akamlisha panzi, konokono na matumbo ya samaki.

Baada ya miaka miwili kenge alipita meta 1. Kikapu hakikumtosha tena. Basi mtoto akajenga kibanda cha mianzi nyuma ya jiko la nyanya yake. Akaifunga mianzi kwa kamba, akaweka bati juu, akafurahi sana.

Kibanda kile kilikuwa na makosa mawili. Kosa la kwanza lilionekana siku ile ile, saa sita mchana. Kenge alilala chini, kinywa wazi, koo likitetemeka upesi upesi. Mjusi hana moto ndani ya mwili wake kama mtu au mbuzi. Asubuhi huenda juani apate joto. Joto likizidi huingia kivulini au majini. Maisha yake yote ni kwenda na kurudi hivyo. Aliyefungiwa chini ya bati la moto hana pa kwenda, naye aweza kufa kwa saa chache. Mtoto alimmwagia maji, akaliondoa bati, akaweka majani ya migomba. Kenge akapona.

Kosa la pili ni kwamba kibanda hakikuwa na sakafu. Alasiri moja watu walipokuwa shambani, kenge alichimba chini ya mianzi akatoka. Nyanya aliporudi alikuta mayai tisa yamekwisha, na vifaranga wawili hawapo. Kuku wale ndio waliokuwa wakinunua daftari za mjukuu. Nyanya akachukua panga.

“Mjukuu wangu,” akasema, “chagua. Kenge au kuku.”

Mtoto akamtia kenge katika gunia, akaenda nalo kwa mwalimu huku akilia.

Wenzake walisema: “Mrudishe mtoni, basi!” Mwalimu akafikiri. Akawajibu kwamba kenge wa mwitu huwakimbia watu, lakini huyu alilelewa kwa mkono. Akisikia sauti za watu, huja kutafuta chakula. Akiachwa mtoni leo, kesho atakuwa kwenye kuku wa mtu mwingine, na keshokutwa atakuwa chunguni. Heri akae shuleni, darasa lijifunze kwake. Ila nyumba yake iwe nyumba kweli.

Nyuma ya shule palikuwa na ghala la zamani lililoanguka, na matofali yake ya kuchoma yalikuwa mazima bado. Mwalimu akapima mahali: urefu meta 4, upana meta 2 na nusu. Kuzunguka pande zote ni meta 13. Ukuta ungekuwa sentimeta 60 chini ya ardhi na meta 1 juu yake, jumla meta 1.60. Hesabu hiyo yatoa meta za mraba 20.80. Kila meta ya mraba ilitaka matofali 54, yaani matofali 1,123. Mlango ulipunguza kidogo. Matofali yaliyovunjika mikononi mwa watoto yakaongeza.

Nyanya alipita akaona watoto wamebeba matofali vichwani. Akasimama. “Mwalimu,” akasema, “kumbe mjusi atalala katika nyumba ya matofali, na mimi katika nyumba ya udongo!” Watu wote wakacheka, naye mwalimu hakuwa na jibu.

Kazi ngumu ilikuwa ya chini, ile isiyoonekana. Watoto walichimba mahali pote mpaka sentimeta 60. Chini kabisa wakapanga vipande vya matofali, vimebanana, lakini vyenye nafasi ndogo za kupitisha maji ya mvua. Kisha wakarudisha udongo uliochanganywa na mchanga. Kwa nini kazi hiyo yote? Kwa sababu kenge asiyechimba hana raha, na kenge anayechimba hutoroka. Hivi achimbe apendavyo. Atafika kwenye tofali na kurudi.

Ukuta ulipigwa lipu laini ndani, kucha zisipate pa kushika. Ukuta usiopenyeka una faida nyingine pia. Kenge akiona nje kupitia waya, husukuma pua yake hapo mchana kutwa, mpaka pua inatoka damu na kuoza. Asipoona kitu, hasukumi. Juu ya ukuta fundi alisimamisha miti migumu isiyoliwa na mchwa, akafunga wavu wa waya mnene wenye meta 1. Wavu mwembamba wa kuku haufai hata kidogo: kenge mkubwa huupasua, na ncha zake humkata. Nusu ya paa, upande wa mashariki, ilifunikwa kwa wavu tu, ili jua la asubuhi liingie. Nusu ya pili ilifunikwa kwa nyasi. Juani waliweka jiwe pana juu ya matofali. Kivulini waliweka gogo lenye shimo, jembamba, maana kenge hulala vizuri akibanwa pande zote.

Ziwa lake lilijengwa kwa simenti: urefu meta 1 na nusu, upana meta 1, kina sentimeta 40. Lilitaka lita 600, yaani ndoo 40 za lita 15. Darasa lilikuwa na wanafunzi 40. Kila mmoja ndoo yake! Chini palikuwa na tundu lenye kizibo cha mti, kwa kuwa kenge huchafua maji anamooga, na maji hayo lazima yamwagwe mara kwa mara. Aliyeyagusa hunawa kwa sabuni kabla ya kula, kwani mijusi hubeba vijidudu viletavyo ugonjwa wa kuhara.

Milango ilikuwa miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na kati yake chumba kidogo cha kusimama mtu mmoja. Hufunguliwi wa ndani kabla ya wa nje kufungwa. Tahadhari hiyo si bure. Katika mji wa Cape Coral, huko Florida, Marekani, watu walinunua kenge wadogo wa Afrika wawafuge nyumbani. Wengine walitoroka, wengine waliachwa walipokuwa wakubwa. Tangu mwaka 1990 wanaonekana katika mifereji ya mji huo. Wamezaana, na hula mayai na ndege wa nchi isiyokuwa na kenge tangu zamani.

Mwalimu peke yake ndiye aliyeingia ndani, na gunia mkononi. Watoto walitupa chakula kwa juu, wala hakuna aliyepitisha kidole katika wavu.

Jumapili ya kwanza nyanya alikuja kutazama. Hakumtazama kenge. Alitazama mlango, akaushika, akautikisa kwa nguvu zake zote. Akalivuta kufuli mara tatu. Kisha akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa yai moja, akampa mjukuu.

“Mpe,” akasema. “Ni viza, kuku amelikataa.”

Maswali. Kwa nini mayai ya kenge hayaharibiki katika kichuguu? Kenge alikosa nini chini ya bati? Kama nyumba ingekuwa na urefu wa meta 5 na upana wa meta 3, ukuta wa meta 1.60 ungetaka matofali mangapi? Chora nyumba ya kenge, uonyeshe upande wa jua na upande wa kivuli.