Ligi ya Muungano ya Tanzania, 1982–2003

Wasomaji wengi wa gazeti letu hupenda mpira, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba ligi nazo zina historia kama falme. Huzaliwa, hugawanywa, na nyingine hufa. Leo nataka tujifunze habari za ligi moja iliyokufa, nayo ni Ligi ya Muungano ya jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili. Ligi yaweza kugawanywa kwa madaraja, moja juu ya jingine kama ngazi. Au yaweza kugawanywa kwa makundi, moja kando ya jingine kama vyumba vya nyumba moja. Makundi hufanywa hasa kwa sababu ya umbali. Hapa Msumbiji, kwa miaka mingi timu zilizo chini ya Moçambola zimegawanywa Kusini, Kati na Kaskazini, kwa kuwa nauli ya kutoka Cabo Delgado mpaka Maputo yaweza kuimaliza timu kabla haijapiga mpira hata mmoja. Wala si maskini tu wanaohesabu nauli. Ligi kubwa ya mpira wa magongo wa barafuni ya Marekani na Kanada ilikuwa na makundi manne tangu 1974 mpaka 1993, yakiitwa Adams, Patrick, Norris na Smythe, majina ya watu walioujenga mchezo huo. Mwaka 1981 makundi hayo yalipangwa upya ili miji iliyo karibu icheze pamoja, basi Chicago, Detroit na Toronto zikakutana katika kundi la Norris. Mwaka 1993 majina ya watu yakafutwa, yakawekwa majina ya ramani.

Tanzania ilikuwa na vyumba viwili, Bara na Visiwani. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, lakini katika mpira kila upande ulibaki na chama chake na ligi yake. Ligi ya Bara ilianza 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ile ile iliyojiita Simba tangu 1971. Mwaka 1982 ndipo ilipoanzishwa Ligi ya Muungano, nayo ikawa kama sebule ya nyumba ile. Timu bora za Bara na timu bora za Visiwani zilikutana humo baada ya kumaliza ligi za kwao, na bingwa ndiye aliyepata tiketi ya kuiwakilisha nchi katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika.

Tiketi hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito. Bingwa wa Unguja hakuweza kutoka nje kwa ubingwa wa kwao peke yake. Ilimpasa kwanza awashinde wakubwa wa Dar es Salaam. Na wengine waliweza! KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo, ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1984. Malindi ya Unguja ikautwaa 1989, tena 1992.

Bara nako haukubaki Dar es Salaam siku zote. Pamba ya Mwanza iliuchukua 1990. Lakini sisi wa Afungi hasa yafaa tuikumbuke Maji Maji ya Songea. Mto Ruvuma, unaomwaga maji yake baharini kaskazini ya Palma, huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea. Kwa hiyo hao nao ni watu wa mto wetu. Timu yao ilichukua jina la vita vya mwaka 1905 mpaka 1907, ikawa bingwa wa Muungano mwaka 1985, na 1986, na tena 1998. Mwaka 1986 ubingwa wa Bara ulikuwa wa Tukuyu Stars ya Mbeya, timu ngeni kabisa katika ligi ile, lakini sebuleni aliyeketi kiti cha mbele alikuwa Maji Maji. Twaona basi kwamba mashindano yale hayakuwa kurudia tu yale yaliyokwisha kuchezwa.

Ligi ilikoma 2003. Mwaka uliofuata Zanzibar ilipokewa na shirikisho la mpira la Afrika, CAF, kama mwanachama mshiriki, na tangu hapo bingwa wa Visiwani huenda Afrika kwa tiketi yake mwenyewe. Tarehe 16 Machi 2017 ikapewa uanachama kamili, lakini tarehe 21 Julai mwaka huo huo ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili.

Je, Wazanzibari walipata au walipoteza? Walio wengi husema walipata, maana mlango wao sasa hauna bawabu. Mimi nina shaka. Tiketi wanayo, lakini mechi ngumu za kuwaandaa, za kucheza na Simba na Yanga msimu baada ya msimu, hawana tena. Na mara nyingi klabu zao hutolewa mapema huko Afrika. Mlango walipewa, mazoezi wakanyang'anywa. Na timu za mikoani za Bara nazo zilipoteza sebule ambamo ziliwahi kuketi mbele ya watu wa Dar es Salaam.

Mwaka 2024 jina la Muungano lilirudi kwa njia ya kombe lililochezwa Unguja. Ziliitwa timu nne tu: Simba na Azam kutoka Bara, KMKM na KVZ kutoka Visiwani. Simba iliifunga Azam 1–0 katika fainali, na kwa siku chache mashindano yote yakawa yamekwisha.