BAISKELI MOJA, WAPANDAJI WATATU

Wenzangu wa chama cha fizikia wameniomba nieleze jinsi nilivyomfungia baba mota ya umeme katika baiskeli yake ya mikate. Nimekubali, lakini kwa sharti moja: nieleze na kosa nililolifanya. Mwenye kusoma hesabu zangu bila ya kulisoma kosa langu atakwenda kulirudia.

Baba yangu huuza mikate mjini Tanga. Kila alfajiri hupakia sanduku nyuma ya baiskeli, akazunguka madukani mwendo wa kilomita 18 hivi. Mwaka jana goti lake la kulia lilianza kuvimba, na mama akasema kazi ile imekwisha. Nikasema haijakwisha, tutafute mota. Akiba ya mama ya kuku na nazi ndiyo iliyonunua vifaa, nami nikapewa amana ya kuvifunga wakati wa likizo.

KWANZA: JUA MPANDAJI KABLA YA MOTA

Watu wengi huuliza, "Mota ipi ni bora?" Swali hilo halina jibu. Yafaa kuuliza kwanza nani atakayepanda, amebeba nini, na njia yake ikoje. Nitatoa mfano wa watu watatu wa jamaa yangu: baba, anayekwenda njia tambarare na mzigo, mjomba wangu wa Lushoto, anayepandisha kabichi mlimani, na dada yangu, anayekwenda chuoni kilomita 6, na kurudi 6, bila ya mzigo.

Vifaa tulivyonunua ni mota ya wati 250 iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, kidhibiti cha umeme, na betri ya lithiamu ya volti 36 na ampea-saa 10. Nguvu iliyomo katika betri hupatikana kwa kuzidisha: 36 × 10 = wati-saa 360. Kuijaza hutumia chini ya nusu yuniti ya umeme wa nyumbani.

Fundi mmoja alitushauri tununue betri tatu za risasi za volti 12, kwa kuwa ni rahisi. Lakini betri tatu za namna ile zina uzito wa kilo 12 au zaidi, na ya lithiamu ya nguvu karibu na hiyo ni kilo 3 tu. Kilo 9 zilizobaki ni mikate, nasi hatuoni haja ya kuipandisha baiskeli risasi badala ya mikate.

BABA: NJIA TAMBARARE NA MZIGO

Nilipima safari za baba, nikaona hutumia wati-saa 12 hivi kwa kila kilomita, akisaidia kwa miguu. Basi 18 × 12 = 216. Betri haifai kumalizwa kabisa, kwa hiyo nahesabu sehemu nane katika kumi: 288. Zinabaki wati-saa 72, nazo ni akiba ya siku ambazo kusi huvuma usoni.

Kisha tukaangalia gea. Baiskeli yake ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko wa gurudumu lake ni mita 2.23, kwa hiyo kila akizungusha pedali mara moja alikwenda mita 5.45. Hilo ni zito kwa goti bovu, hasa wakati wa kuondoka. Tukatia friwili ya meno 22, na sasa kila mzunguko ni mita 4.46. Friwili hiyo ndiyo iliyokuwa na bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua, na baba asema ndiyo iliyomfaa zaidi. Msidharau pia mambo yasiyokula umeme: upepo wa kutosha katika matairi, mafuta katika mnyororo, na gurudumu lililonyoshwa spoki zake. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na betri nayo humalizwa na tairi lililolegea.

MJOMBA: MLIMA

Mjomba alipoona mota ya baba alitaka kama hiyo hiyo. Nikamwambia angoje nifanye hesabu. Yeye, baiskeli na kabichi zake ni kilo 140, na uzito huo ni newton 1,400. Kilima chake hupanda mita 1 katika kila mita 10. Kwa hiyo nguvu ya kumsukuma ni 1,400 ÷ 10 = newton 140, bila ya kuhesabu msuguano. Nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.355, basi momenti inayotakiwa ni 140 × 0.355, yaani karibu newton-mita 50. Mota kama ya baba hutoa 30 hivi. Newton-mita 20 zilizobaki zitatoka wapi, ila katika miguu ya mjomba?

Tena mota iliyomo kitovuni imetengenezwa izunguke kwa mwendo wa barabarani. Ikilazimishwa kwenda pole pole mlimani, umeme mwingi hugeuka joto badala ya mwendo. Mwenzangu mmoja wa darasa alisema, "Ongeza ampea tu." Tukumbuke somo letu: joto katika waya hufuata mraba wa mkondo. Ukitoka ampea 15 kwenda 30, mkondo umeongezeka mara mbili, lakini joto mara nne. Utapanda kilima mara chache, kisha utanusa waya zikiungua.

Mtu wa mlimani yafaa apate mota inayokaa penye mhimili wa pedali, na nyuma awe na gea kadhaa. Mota hiyo husukuma mnyororo, kwa hiyo nayo hubadilisha gea kama miguu inavyobadilisha, ikazunguka upesi hata gurudumu likienda pole pole. Mjomba aliuliza pia kama betri haitajijaza akiteremka. Mota ndogo zenye gea ndani, kama ya baba, huwa na friwili yake ndani, hazirudishi umeme. Ziko nyingine zisizo na gea ambazo huweza kurudisha kidogo, lakini ni nzito zaidi.

DADA: WEPESI

Dada hana mzigo. Kwa mtu kama huyu hesabu yangu ni wati-saa 8 kwa kilomita, yaani 96 kwa kwenda na kurudi. Betri ya ampea-saa 5, yenye wati-saa 180, inamtosha. Aondoe keria kubwa, atie matairi membamba, aache meno 18 nyuma. Asitake mwendo kupita kiasi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli tu ikiwa mota yake haizidi wati 250 na msaada wake hukoma ikifika kilomita 25 kwa saa. Sababu yake yaonekana katika hesabu ya breki: nguvu ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 15 kwenda 25, breki zako zina kazi karibu mara tatu.

KOSA LANGU

Sasa nifike nilikoahidi. Nilifanya hesabu ya umeme, ya gea na ya breki. Nilimfungia baba breki za waya, kwa kuwa ringi mpya haikukubali zile za vyuma, na vishikio vyake hukata umeme mara vinapobanwa. Nikarudi shuleni nimejaa fahari.

Mhimili wa mota hii hauzunguki. Gurudumu ndilo linalouzunguka. Kwa hiyo mota inapolisukuma gurudumu mbele, mhimili nao hujaribu kuzunguka nyuma. Umechongwa bapa pande mbili, na upana wake hapo ni milimita 10, ukae katika nafasi ya uma. Gawanya newton-mita 30 kwa mita 0.01, utapata newton 3,000, sawa na uzito wa kilo 300, zinazosukuma midomo ya uma ipanuke. Katika sanduku la vifaa mlikuwa na kipande cha chuma chenye tundu. Sikujua kazi yake, nikakiacha dirishani nyumbani.

Wiki ya tano midomo ya uma ilipanuka, mhimili ukazunguka, ukakata waya zake, na gurudumu likatoka. Baba alianguka mbele ya duka, mikate ikatawanyika barabarani, na mkono wake ukateguka. Hakuniandikia habari hiyo. Niliijua nilipofika likizo, nikaona baiskeli imeegemezwa ukutani haina gurudumu, na mama hasemi kitu.

Nilimwomba baba radhi. Akanijibu, "Mwanangu, hesabu ya umeme uliifanya. Ya chuma hukuifanya. Kaifanye sasa." Mama hakutaka mota irudi, na sikuweza kumlaumu, maana akiba ilikuwa yake na mume ni wake. Ilinipasa kumwonyesha, si kumwambia.

Tulinunua uma mpya wa chuma cha pua, si wa alumini. Fundi wa vyuma akakata vipande viwili vya bamba nene la milimita 6, nikavipiga tupa mimi mwenyewe siku mbili hata vikaukamata mhimili barabara bila ya kucheza. Kila kimoja kina mkono mrefu uliofungwa kwenye mguu wa uma, kimoja kushoto na kimoja kulia. Mkono ukiwa na urefu wa mita 0.1, nguvu inapungua kutoka newton 3,000 hadi 300, nazo zimegawanywa kwa mikono miwili. Hii ni kanuni ya wenzo tuliyofundishwa darasani. Kisha nilimpa mama spana, akajaribu mwenyewe kuzungusha mhimili mpaka akachoka. Akasema, "Basi, na aende."

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kufunga mota, shikeni utaratibu huu: kwanza fremu na uma, pili breki, tatu gea na matairi, na mota iwe ya mwisho. Kila Jumamosi kazeni nati za mhimili. Msifungue betri, msiijaze kwa chaja isiyo yake, wala msiijaze penye kitanda cha mtu aliyelala. Na kipande chochote kinachobaki katika sanduku msikiache dirishani kabla ya kujua kazi yake.

Baba sasa yumo njiani muhula wa pili huu. Goti lake halijapona, lakini halivimbi kama zamani, na mikate hufika madukani kabla ya saa moja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne